Barua ya wazi kuhusu reli ya Ruashi: tuonyesheni utafiti kabla ya kuleta tingatinga

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya mradi wa reli ya abiria ya Kampemba na Ruashi,
Lubumbashi

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zetu na heshima zetu. Tunawaandikia hadharani kwa sababu mlango wa ofisi umetuchosha. Barua zetu zilipokelewa, zikagongwa muhuri, tukarudishiwa nakala. Tulipofuatilia tuliambiwa faili liko kwa mkubwa. Mkubwa alipopatikana, faili lilikuwa limeshuka kwa wataalamu, na wataalamu nao wakasema hawana ruhusa ya kuzungumza na wananchi. Basi tuzungumze mbele ya watu.

Kwanza tuweke jambo moja sawa, asije mtu akatuita maadui wa maendeleo. Treni tunaitaka. Anayelala Ruashi na kufanya kazi mjini hahitaji kuelezwa faida yake: asubuhi anasukumana mlangoni mwa taksi-basi, mvua ikinyesha nauli inapanda papo hapo, na mama anayepeleka mboga sokoni analipia kiti chake kisha analipia na gunia lake. Tena huu ni mji wa reli. Mwaka 1910 njia kutoka Rhodesia, kupitia Sakania, ilifika hapa, na mwaka huohuo mji ukaanzishwa. Wengi wetu ni wajukuu wa watu walioletwa na kontra za migodi na za BCK, kampuni ya reli ya wakati wa ukoloni. Tumekulia kando ya njanja, yaani njia ya reli. Bango lenye picha ya treni nyeupe na abiria wanaocheka halitufundishi kitu.

Kinachotukera ni kuamuliwa gizani. Yafuatayo ndiyo yanayotusumbua, na tunayaandika kwa namba ili mtakapojibu msiruke hata moja.

1. Utafiti hatujauona, na sheria inatupa haki ya kuuona

Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, inayoweka misingi ya kulinda mazingira katika nchi yetu, inasema katika kifungu cha 21 kwamba mradi wa miundombinu unaoweza kuathiri mazingira lazima utanguliwe na utafiti wa athari zake kwa mazingira na kwa jamii, pamoja na mpango wa kuzidhibiti athari hizo, vyote vikiwa vimeidhinishwa. Kifungu cha 24 kinataka wananchi waulizwe mapema. Dekreti namba 14/019 ya tarehe 2 Agosti 2014 ikapanga jinsi kazi hiyo inavyofanyika.

Kwetu mambo yamekwenda kinyumenyume. Kilichotangulia ni rangi. Pita nyuma ya soko uone: msalaba mwekundu ukutani, chini yake namba. Kwa fundi cherehani mmoja msalaba umepakwa juu ya orodha yake ya bei, hata mteja hajui tena kushonesha kaptula ya shule ni franka ngapi. Aliyepaka hakubisha hodi, hakuacha karatasi, hakutaja ofisi iliyomtuma. Rangi ilipokauka ndipo tukasikia kwamba utafiti “unaendelea”.

Waheshimiwa, njia ikishachaguliwa, utafiti unabaki na kazi gani? Mtaalamu anapewa mstari mmoja kwenye ramani, anaandika kwamba mstari ni mzuri, analipwa, anapanda ndege Luano. Utafiti wa kweli hulinganisha. Unaweka pamoja njia inayopita kwenye ardhi ambayo tayari ni ya reli, njia inayozunguka makazi, kuboresha barabara na kuleta mabasi makubwa, na hata kutojenga kitu kabisa. Kisha kila moja inaandikiwa gharama yake, nyumba itakazovunja, miti na mito itakayogusa, na abiria itakaobeba. Tuonyesheni ulinganisho huo. Kama njia iliyopakwa rangi ndiyo bora, hesabu zitaitetea, nasi juu ya hilo tutanyamaza.

2. Maji

Hili ndilo linalotunyima usingizi.

Waliopima walikuja kiangazi. Tuliwaona na vyombo vyao vya miguu mitatu kando ya Naviundu, wakati ambapo mto ni mkondo mwembamba ambao mtoto anauvuka bila kukunja suruali. Lubumbashi hupata takriban milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, na karibu zote hushuka kati ya Novemba na mwanzo wa Aprili. Anayetaka kuujua Naviundu aje Januari, alasiri, mvua ikiwa imepiga saa nzima. Atakuta mto umehamia kwenye nyua za watu. Hata sasa, katika nyumba za bondeni, alama ya tope la kahawia iko ukutani, imelingana na kitasa cha mlango. Haihitaji chombo cha miguu mitatu kuiona, lakini hakuna mpimaji aliyeomba kuingia ndani aipime.

Tuta la reli ni ukuta wa udongo uliolazwa katikati ya mtelemko. Maji yakitoka mitaa ya juu yanagonga hapo na kutafuta tundu. Kwa hiyo ukubwa wa yale mabomba ya zege na madaraja madogo ya chini ya reli ndio utakaoamua nani atalala pakavu. Bomba la kipenyo cha mita 1 kwenye mchoro linaonekana kubwa. Hapa kwetu, hata hivyo, maji hayasafiri peke yake. Yanakuja na chupa za plastiki, mifuko, matawi, siku nyingine godoro. Nusu saa tu na tundu limeziba.

Tunauliza, na tunataka jibu la tarakimu: mvua gani ilitumika katika hesabu? Ile inayotarajiwa kila miaka 2, kila miaka 10, au kila miaka 50? Je, hesabu ilizingatia kwamba kule juu palipokuwa na miombo na nyasi sasa pana mabati na saruji, hivyo maji yanashuka mengi na upesi kuliko ramani za zamani zinavyodhani? Nani atayasafisha mabomba, kwa fedha zipi, na atakuja Oktoba au atakuja baada ya vitanda kuelea?

Wala si sisi tu tutakaoumia. Tuta lililolowa bila kupitisha maji huondokewa na kokoto, mataruma yakabaki yananing'inia, na treni ikaanguka. Wanaojua reli za Katanga hawahitaji kuelezwa. Mhandisi mwenye kujali abiria wake angeanza na ukurasa wa maji.

3. Udongo utakaochimbuliwa

Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi katika mji huu mwaka 1911. Moshi wake, ukisukumwa na upepo wa kusini-mashariki miaka nenda miaka rudi, ulitua ardhini upande wa pili wa mji. Huko Penga Penga mpaka leo udongo umejaa metali na mimea inaota kwa shida. Upande wetu una viwanda vyake vya madini, na Naviundu unapita karibu navyo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya vipimo vya mkojo: wakazi wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda cha madini, watoto wakiwemo, walikuwa na kobalti, risasi, kadimiamu na urani kwa viwango vya juu mno kuliko watu wa mbali.

Sasa mnataka kukata mtaro mrefu katikati ya udongo huo, wakati wa kiangazi, vumbi likiruka hadi kwenye sufuria za mama wanaopika kando ya barabara na kwenye bustani za lengalenga zilizo ukingoni mwa mto. Udongo ulichukuliwa sampuli wapi, na kwa kina gani? Utamwagwa wapi? Tunauliza hili la mwisho kwa sababu tunajua desturi: lori likiwa na udongo wa bure, kila mwenye lupango (kiwanja) lenye shimo anauomba amwagiwe. Mtaa mzima unaweza kujazwa sumu kwa ukarimu wa dereva.

4. Njia moja, treni ngapi, na mzigo gani?

Bango linaahidi treni za mara kwa mara asubuhi na jioni. Vigingi tulivyoviona vinaonyesha njia moja tu, bila mahali pa kupishana. Hapo hesabu ni ya shule ya msingi. Treni ikichukua dakika 25 kutoka Ruashi hadi mjini, na nyingine 25 kurudi, anayeikosa ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi atasubiri dakika 50, na hatafika kazini kwa wakati. Bila sehemu ya kupishana katikati, ahadi ya bango haiwezekani, hata mkinunua vichwa vya treni kumi.

Halafu nguvu. Njia kuu ya Katanga iliwekewa umeme tangu miaka ya 1950, na kwa wakati wake lilikuwa jambo la kujivunia. Je, tawi hili litatumia umeme huo, katika mji ambamo taa hukatika chakula kikiwa jikoni? Au itakuwa dizeli, moshi ukipita mita chache kutoka madirishani? Utafiti mzima wa hewa na kelele unategemea jibu hilo moja, na hatulijui.

Kuna jambo tunaloligusa kwa uangalifu, kwa kuwa hatupendi kueneza uvumi. Siku hizi kila mkutano ni Lobito, ile reli ya kupeleka madini hadi bandari ya Angola, na shaba na kobalti. Tunataka iandikwe wazi kama njia hii ni ya abiria peke yao, au kama usiku itapitisha mabehewa ya madini na ya asidi ya salfuriki inayotumika viwandani. Treni ya mizigo ina uzito mwingine kwa kila ekseli, inahitaji tuta jingine na madaraja mengine, na ikianguka ina madhara mengine kabisa. Utafiti wa treni ya abiria hauwezi kutumika kama kibali cha treni ya asidi.

5. Vivuko

Wakoloni waliujenga mji huu wakiacha ukanda mtupu kati ya Wazungu na Waafrika, wakasema ni kwa ajili ya afya. Reli nayo ikasaidia kugawa. Mpaka leo mji unasongamana kwenye sehemu chache za kuvukia, na kila mwenye gari analalamika bila kukumbuka asili yake. Hatutaki ukuta mwingine, safari hii uliojengwa na sisi wenyewe.

Kwenye mstari wenu shule iko upande mmoja na nyumba nyingi upande wa pili. Treni ya abiria inayokwenda kilomita 60 kwa saa inahitaji mita mia mbili au zaidi kusimama. Dereva akimwona mtoto ndani ya umbali huo, kupiga honi ndiyo yote anayoweza. Michoro ionyeshe vivuko vyote, vya watu na vya magari, umbali kati ya kimoja na kingine, wapi kuna geti na mlinzi, wapi kuna daraja la miguu, na kama daraja hilo lina mteremko wa kupitisha kiti cha magurudumu na mkokoteni au ni ngazi tupu. Na mama wanaotandika nyanya kando ya njanja msiwaandike kama “kikwazo”. Watarudi siku ya pili baada ya kufukuzwa, mnajua hivyo. Basi wapangiwe mahali tangu kwenye mchoro.

6. Kelele na mtikisiko

Fupi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 kwamba kelele za reli zisizidi wastani wa desibeli 54 kwa siku nzima, na 44 usiku. Nyumba zetu nyingi ni za tofali mbichi, zina nyufa tayari. Pimeni kelele na mtikisiko kabla ya ujenzi, mpige picha nyufa zilizopo, ili kesho tusibishane ufa upi ni wa treni.

7. Malupango na wapangaji

Katiba, kifungu cha 34, inasema mtu haondolewi kwenye mali yake ila kwa manufaa ya umma na baada ya kulipwa fidia ya haki, tena mapema. Sheria namba 77-001 ya tarehe 22 Februari 1977 inaeleza hatua zake. Msalaba wa rangi haumo katika hatua hizo.

Mtatuambia baadhi yetu tumejenga kwenye ardhi ya reli. Inawezekana. Leteni ramani ya mipaka, na tuijadili pamoja na zile hati zenye mihuri walizouziwa watu hao, kwa sababu lupango haliuziki katika mji huu bila afisa fulani kutia saini mahali fulani. Na wapangaji, ambao ni wengi kuliko wenye nyumba, wamewekwa wapi? Mwenye nyumba atalipwa matofali yake. Mpangaji aliyelipa garanti ya miezi kadhaa, na muuza mkaa mwenye wateja wa mtaa huo tu, wataambiwa wahame na mwili wao.

Waheshimiwa, majibu yenu tunayafahamu kwa sababu tumekwisha kuyasikia kwa midomo ya wadogo wenu.

Mnasema ripoti ni ya kitaalamu, mwananchi hataielewa. Mitaa yetu imejaa wastaafu wa reli: mafundi wa njia, madereva, waliokuwa wakipanga ratiba za treni kwa penseli. Kuna mzee hapa akisikiliza gurudumu linalopita anajua kama limepasuka. Na asiyejua hesabu anajua maji yanapopita. Andikeni muhtasari kwa Kiswahili, usomwe mbele ya watu.

Mnasema njia ikitangazwa walanguzi watapandisha bei za ardhi. Njia mmeshaitangaza wenyewe kwa rangi nyekundu. Aliyebaki bila habari ni mwenye nyumba peke yake.

Mnasema wenye fedha wana haraka. Mwenye fedha makini huuliza utafiti kabla yetu, kwa kuwa hataki mkopo wake usombwe na mto. Kama kuna asiyeuliza, tuna wasiwasi naye zaidi.

Na mnasema watu walishauriwa. Kulikuwa na mkutano, ndiyo, katika hoteli ya mjini, siku ya kazi, kwa kadi za mwaliko. Mama mmoja wa soko, alipoulizwa kama alialikwa, alijibu: “Banapima, banapima, lakini siye habatuambie kitu.” Huo ndio muhtasari wa ushauri wenu.

Tunachoomba ni hiki. Ripoti kamili ya utafiti wa mazingira na ya uhandisi, pamoja na ramani, vipimo vya maji na vya udongo, iwekwe katika ofisi za komini za Kampemba na Ruashi, mtu aweze kuisoma bila kuomba ruhusa. Vipimo vya mto virudiwe katika majira ya mvua. Mikutano ifanyike mitaani, Jumapili baada ya ibada, kwa Kiswahili, na hoja za watu ziandikwe pamoja na majibu yake ndani ya ripoti ya mwisho. Orodha ya nyumba, wapangaji na wafanyabiashara watakaoguswa itolewe, kila mmoja aihakiki. Iandikwe kwa saini kama njia hii itabeba mizigo au haitabeba. Na mpaka hayo yafanyike, asivunjiwe mtu hata ukuta wa choo.

Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wenzake, na kinaitaka mamlaka hiyo ijibu ndani ya miezi mitatu. Barua hii ni ombi la namna hiyo, na saini zetu zimeambatanishwa kwenye nakala mtakayoletewa ofisini. Tunahesabu kuanzia siku mtakayoigonga muhuri. Muda ukipita kimya, tutaipeleka kwa Wakala wa Mazingira wa Kongo (ACE), ambao ndio wenye kazi ya kuchunguza tafiti za namna hii, tukiuomba usiidhinishe. Na tingatinga likitangulia kufika, tutakwenda mahakamani tukiwa na picha za misalaba, namba zake na tarehe.

Mkitaka kukutana nasi kabla ya hapo, tupo. Njooni na michoro, na mkiweza njooni siku ya mvua.

Kwa heshima,

Wakazi, wapangaji na wafanyabiashara wa kando ya njia iliyopimwa,
komini za Kampemba na Ruashi, Lubumbashi

Nakala: Wakala wa Mazingira wa Kongo (ACE), ofisi za komini za Kampemba na Ruashi, redio za mji